Unyoya Ndani ya Jiwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Jicho,

Salamu utazikuta mwisho wa barua. Nikianza nazo nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Nimeitwa mwizi. Mimi dada yako, niliyekushika mkono ukiwa na miaka sita nikakurudisha dukani ukatema peremende uliyoichukua bila ruhusa, na ukaomba radhi huku kamasi zinakutoka. Mimi leo ndiye mwizi.

Unaikumbuka pete ya mama mkwe wangu, yenye almasi moja, aliyonunuliwa na marehemu baba mkwe walipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Na cheti chake unakijua, kile walichokitia fremu ya kioo na kukitundika sebuleni, juu hata ya picha ya harusi yao. Katika nyumba hii mgeni huonyeshwa cheti kabla hajaonyeshwa choo. Kimeandikwa: uzito karati moja na ziada, rangi nyeupe ya daraja la kwanza, ndani safi, hakuna dosari. Nimekipangusa vumbi miaka mingi kiasi kwamba naweza kukisoma gizani.

Sasa binti wa wifi yangu anaolewa, na Mama amesema pete iwe yake. Wifi yangu, yule ninayemwita Mwenyekiti kwa sababu huongoza vikao hata tukiwa wawili jikoni, akaipeleka kwa mthamini wa kampuni ya bima. Karatasi ikarudi na maneno mengine kabisa. Jiwe halifiki karati. Rangi ina unjano. Ndani lina dosari.

Nilikuwa kwenye cherehani. Akasimama mlangoni na pete mkononi.

"Wifi, jiwe letu liko wapi?"

"Si hilo ulilolishika?"

"Hili ni lako. Nauliza letu."

Nikadhani anatania. Akaendelea, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani: "Mwenye kaka fundi wa vito hakosi jiwe la kubadilishia!"

Ni kweli pete nimeitunza mimi, kwenye leso ndani ya droo ya cherehani, tangu Mama aliporudi nayo kutoka kwako kuitengeneza miaka kumi na moja iliyopita na vidole vyake vikaanza kuvimba. Sijawahi hata kuijaribu mbele ya kioo. Mungu ni shahidi yangu, na sitaki shahidi mwingine, lakini wao wanamtaka.

Kilichonikata maini ni Mama. Nilimgeukia aseme neno. Akaitazama fremu, akaitazama mikono yake, akasema, "Chai imepoa." Basi. Nimemwogesha mama huyu alipovunjika nyonga. Nimemzika mwanawe, mume wangu, nikabaki naye hapa miaka minane. Chai imepoa!

Kikao cha ukoo ni tarehe 20 Aprili. Wamesema nirudishe jiwe, au nifunge cherehani yangu nitoke. Sikupigii simu kwa sababu ukuta wa chumba changu ni mbao na Mwenyekiti analala upande wa pili. Niandikie. Wewe ndiye unayeyajua mawe.

Salamu sasa. Hujambo? Mke wako hajambo?

Dada yako

*

Jumatano, tarehe 13 Machi

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako kwenye benchi la kazi, nikaweka koleo chini. Wakuite mwizi wewe? Wewe unayerudisha mpaka vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye gauni la mteja?

Sikiliza, dada. Karatasi si jiwe. Jiwe likiwa limeshikwa ndani ya pete haliwezi kuwekwa kwenye mizani. Mthamini hupima upana wake kwa kifaa kidogo, halafu anabahatisha uzito. Dhahabu ya njano hulitia jiwe rangi yake, au huuficha unjano wake, inategemea unataka kuona nini. Na taa za dukani zimewekwa makusudi. Chini ya taa zile hata mimi nina rangi nyeupe ya daraja la kwanza. Wathamini wawili waaminifu wanaweza kutofautiana hatua moja kwenye rangi, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Lakini kutoka nyeupe kabisa mpaka njano, kutoka safi mpaka dosari, hapo kuna mmoja ambaye hakutazama, au alitazama akaandika alichopenda.

Na nani aliandika kile cha ukutani? Aliyeuza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ule unyoya ulio chini ya kucha ya kushoto hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuona. (Kucha ni vile vijichuma vinavyolishika jiwe, na unyoya ni ufa mwembamba mweupe ndani yake.) Mtu anayeandika "safi" juu ya jiwe kama hilo hana haya usoni.

Fanya hivi. Mwambie wifi yako mwende kwa mthamini wa tatu, asiyeuza wala kununua vito, anayelipwa kwa kazi yake. Anayelipwa kwa asilimia ya thamani mwogope. Kadiri anavyopandisha ndivyo anavyoshiba. Mwombeni alitoe jiwe ndani ya pete, alipime likiwa uchi.

Kuhusu kazi niliyoifanya mimi ya kuitengeneza kucha iliyovunjika, ni miaka mingi sasa, sikumbuki sana. Pete nyingi zimepita mikononi mwangu.

Mke wangu anakusalimu. Usiwalilie watu hao, watashiba machozi yako.

Mdogo wako,
Jicho

*

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mdogo wangu,

Tulikwenda. Mwenyekiti alikubali upesi, akasema, "Twende, aliyetumwa na haki hachoki." Alidhani haki imemtuma yeye.

Mthamini ni mwanamke wa makamo, ana chumba kimoja ghorofani juu ya duka la viatu. Kuta nyeupe, kitambaa cheupe mezani, taa moja, hakuna hata pete moja ya kuuza. Wala kidoleni mwake hana. Akauliza, "Mnataka thamani ya bima, ya kuuza, au ya kugawana urithi?"

"Tunataka ya kweli," akasema Mwenyekiti.

"Zote ni za kweli, mama. Ndiyo maana nauliza."

Nilimpenda hapo hapo.

Alizifungua kucha moja moja, taratibu kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. Akaliweka jiwe kwenye mizani yenye kioo pande zote, hata pumzi isiliguse. Pointi themanini na saba, na karati moja ni pointi mia. Kisha akalilaza kichwa chini kwenye karatasi nyeupe, kando ya mstari wa mawe madogo ya kulinganishia rangi, akalisogeza toka jiwe hadi jiwe mpaka likapata ndugu yake. Lina unjano. Halafu akachukua lenzi, akaliinamia.

"Lina unyoya," akasema. "Upande wa kushoto, palipokuwa na kucha."

Akaniruhusu nichungulie. Jicho, niliuona! Kama unyoya wa kifaranga ulioganda ndani ya barafu. Mzuri, hata. Nikasahau kuwa ndio ulioniletea balaa.

Mwenyekiti akapiga kofi mezani. "Umeona? Karatasi ya bima ilisema kweli! Basi cheti cha nyumbani ni cha jiwe jingine!"

Mthamini akakisoma cheti, maana tulikibeba na fremu yake kwenye mfuko wa unga. "Hiki hakina namba ya jiwe," akasema. "Hakina mchoro. Hakisemi jiwe lilipimwa ndani ya pete au nje. Sahihi ni ya muuzaji mwenyewe. Siwezi kuapa kuwa jiwe limebadilishwa, na siwezi kuapa kuwa halikubadilishwa. Hiki, mama, ni cheti cha fremu."

Nilidhani yameisha. Hayakuisha. Ngazini Mwenyekiti akaniambia, "Yule hakukutetea." Na ni kweli, hakunitetea. Jiwe limepimwa kwa haki, na haki yenyewe imeniacha palepale.

Lakini nilirudi ghorofani peke yangu, kwa kisingizio cha mwavuli, nikamuuliza nifanyeje. Akaniambia: kila jiwe lina alama zake kama mtu alivyo na kovu, na fundi mwangalifu hulichora kabla ya kulipokea, mwenye pete akaweka sahihi chini, ili kesho asiambiwe amelibadilisha. "Mtafute fundi aliyeitengeneza," akasema. "Mwulize kama alichora."

Moyo ukanirukaruka! Fundi si wewe? Na kile kitabu chako cheusi chenye mpira wa kufungia, ulimochora mpaka pete ya bati ya jirani, ukamfanya mzee wa watu atie sahihi? Tulikucheka sana siku ile. Mama alipokuletea pete, lazima ulilichora. Kama mchoro wa wakati ule una unyoya ule ule, basi jiwe ni lile lile, na mimi nimepona. Kitafute, mdogo wangu. Nimefunga kwa sala tangu juzi.

Dada yako

*

Jumatano, tarehe 3 Aprili

Dada,

Kitabu cha miaka ile sina. Tulipohama chumba vitu vingi vililoa. Usikitegemee.

Nimefikiri sana. Kwa nini ubaki mahali usipoaminiwa? Funga mizigo uje kwangu kabla ya kikao. Tutabanana tu.

Jicho

*

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Jicho,

Nimetoka ibadani sasa hivi na naandika mbio, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Barua yako ya tarehe 13 ninayo hapa mezani. Nimeisoma mara nne. Umeandika kwa mkono wako: "Ule unyoya ulio chini ya kucha ya kushoto."

Mimi nilikuandikia dosari. Dosari tu, kwa sababu karatasi ya bima haikusema zaidi. Sikujua ni ya namna gani, Mwenyekiti hakujua iko wapi. Neno unyoya juu ya jiwe nimelisikia mara ya kwanza maishani kutoka kwako, wiki mbili kabla mthamini hajaufungua mdomo. Mtu asiyekumbuka jiwe amejuaje kidonda chake na upande kilipo?

Ulikuwa umeliona. Siku ile ile ya kwanza. Ulijua jiwe si la cheti kile, ukanyamaza. Na sasa unajua mimi si mwizi, unajua kwa macho yako, na bado unaniambia nifunge mizigo! Mtu ambaye hakuiba hatoki kwa kunyemelea. Nikija kwako kabla ya kikao, nimekiri.

Umemlinda nani, mimi au wewe mwenyewe? Wifi ananituhumu kwa kutojua. Wewe unaniacha nituhumiwe kwa kujua. Nipime mwenyewe, wewe mwenye mizani, uniambie kipi kizito.

Tulikuita Jicho kwa sababu ukiwa mtoto uliona sindano iliyodondoka kwenye jamvi wakati watu wazima tunapapasa. Macho aliyokupa Mungu siyo ya kuchagua nini yaone na nini yasione.

Usiniandikie tena mpaka uandike kweli. Salamu sina.

Dada yako, bado

*

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Dada yangu,

Kitabu kimo ndani ya bahasha hii. Hakikuloa. Ukurasa wa arobaini na sita.

Utaona mchoro wa duara, na unyoya upande wa kushoto, na tarehe ya miaka kumi na moja iliyopita. Chini utaona sahihi. Tazama ni ya nani.

Ndiyo, dada. Mama mkwe wako anajua.

Alikuja mwenyewe, wewe ukiwa unamuuguza mumeo. Nikachora kwanza kama desturi yangu, nikampa lenzi athibitishe. Alikuwa amebeba na cheti, anajivunia. Akachungulia, akakisoma cheti, akachungulia tena. Si mjinga yule mama. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hiki nikionacho ndicho kinachoitwa safi?" Nikashindwa kusema ndiyo. Akalia bila sauti. Akasema, "Mume wangu hana miezi miwili kaburini. Alitembea na karatasi hii mfukoni wiki nzima akiwasomea watu. Usimfanye awe kichekesho cha ukoo." Akatia sahihi, akaniapisha. Nikaapa.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Ipo na ya pili.

Sahihi ya kwenye cheti ni ya Tajiri, mwenye duka hili ninapofanya kazi hadi leo. Jioni ile nilimpelekea pete. Akacheka mpaka akafuta machozi. "Fundi, mteja hanunui jiwe, ananunua maneno. Mimi nimemwandikia maneno mazuri. Amekosa nini? Wewe rekebisha kucha." Nikarudi kwenye benchi, nikarekebisha kucha. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa. Nikajiambia nimeshika kiapo cha mama mzee, kumbe nimeshika kiti changu.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilidhani mthamini wa tatu atamaliza mambo bila mimi kutajwa. Nilitaka kukuokoa nikiwa nimejificha. Nimeona sasa kuwa haiwezekani.

Tajiri akijua kitabu kimetoka, kiti changu kitakaliwa na mwingine. Kifungue tu. Kiapo nimekivunja mimi, dhambi ni yangu, usiibebe.

Mdogo wako

*

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu Jicho,

Hujambo? Mke wako hajambo? Sisi wazima. Unaona, leo salamu zimetangulia.

Kitabu kilifika Alhamisi. Niliitazama sahihi ile mpaka ikaanza kutembea kwenye karatasi. Sikulala kwa hasira, na hasira haikuwa kwa Mwenyekiti tena. Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajafika, nikaingia chumbani kwa Mama, nikaweka kitabu juu ya blanketi lake, kimefunguliwa.

"Mama, kikao ni saa nne. Hii sahihi, utasema wewe ni ya nani au niseme mimi?"

Akaigusa kwa kidole. "Amekupa nani?"

"Aliyeapa."

Akageukia ukutani. Nikachukua kitabu nikatoka.

Wazee wa ukoo wawili walikaa chini ya fremu. Mwenyekiti akaongea nusu saa. Alinishtaki mimi, akakushtaki na wewe: "Kaka ndiye mkono, dada ndiye mlango!" Mimi nimekaa na kitabu mapajani chini ya kanga, kimelowa jasho la viganja vyangu, namtazama Mama. Nilijiapia: mzee akisema tufunge kikao, nafungua. Mzee mmoja akakohoa, akavuta fimbo yake. Nikaanza kusimama.

"Nyamaza," akasema Mama.

Alimwambia bintiye, ambaye alikuwa ameshanyamaza. Lakini lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya watu juu ya jambo hili kwa wiki saba, na mzee akairudisha fimbo chini. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akawaonyesha wazee. "Hii ni sahihi yangu. Jiwe ni lile lile tangu siku lilipotoka dukani. Baba yenu alidanganywa na muuzaji, nami nikawadanganya ninyi ili baba yenu asichekwe."

Mwenyekiti akakaa chini kama gunia. "Mama! Ukatuacha tumwite mwizi wiki saba?"

"Nilifikiri yatapita."

Hapo nilisimama, Jicho. Nilikuwa nimejiahidi mbele za Mungu nisimjibu mzee, na ahadi ikanishinda. Nikamwambia, "Yatapita wapi, Mama? Yalikuwa yanapita juu ya mgongo wangu! Uliniona asubuhi nikikuchemshia maji, ukaniona mchana nikitemewa maneno, jioni ukaniambia chai imepoa. Heshima ya marehemu umeilinda. Ya aliye hai ulimwachia nani?"

Akainuka kwa shida, akaiteremsha fremu mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Msumari umebaki.

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Bibi, mimi naitaka pete hii hii. Jiwe lenye unyoya angalau nitalijua likipotea." Wazee wakacheka, na kikao kikaisha kwa kicheko, kana kwamba mimi sikuwa nimeaga nyumba hii rohoni mwangu.

Mwenyekiti amekuja jana na gauni la binti yake nilipunguze kiuno. Ndiyo radhi yake hiyo. Nimelipunguza vizuri. Sikucheka naye. Mama tumekunywa naye chai leo, ya moto, kimya. Nimemsamehe? Namwomba Mungu anifikishe, bado niko njiani. Na wewe uko pale pale njiani, karibu kidogo kuliko yeye, kwa sababu ulikituma kitabu mwenyewe.

Sasa hilo la kitabu. Usiku wa kabla ya kikao niligeuza kurasa zote. Pembeni mwa mchoro wetu kuna nukta nyekundu, ndogo kama ya kalamu iliyoponyoka. Nikaiona nyingine ukurasa wa hamsini na mbili, na nyingine. Hukunieleza, ila mimi ni dada yako, nimekufundisha kusoma. Hizo ndizo pete ambazo jiwe na cheti cha Tajiri havikukubaliana. Nimezihesabu, ni thelathini na moja. Moja tu ndiyo yetu.

Jicho, kila nukta ni nyumba yenye fremu ukutani. Ndani yake yupo mwanamke anashona, au anapika, au anampangusia vumbi mtu mwingine cheti chake, na hajui siku ambayo mlango utafunguka aulizwe jiwe liko wapi. Yeye hana kaka mwenye kitabu. Kitabu chake unacho wewe.

Majina yapo. Sahihi zipo. Anwani umeandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Waandikie. Ndiyo, Tajiri atakufukuza, na akikufukuza njoo na benchi lako. Nimepima, linaingia kati ya cherehani na dirisha. Mwenyekiti atasikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao, na safari hii na asikie.

Nakurudishia kitabu. Anza na ukurasa wa kwanza wenye nukta.

Dada yako